Kompyuta Inayokwama kwa Vipindi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Kompyuta iliyo nzito wakati wote haisumbui sana, kwa kuwa fundi akikaa mbele yake anaiona hitilafu palepale. Inayopoteza siku na fedha za watu ni ile inayofanya kazi vizuri tangu asubuhi, ikaganda dakika mbili wakati mhasibu anafunga hesabu, kisha ikarudi katika hali yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Inapelekwa kwa fundi, na kwa fundi haigandi. Inapigwa Windows upya, inatulia wiki moja, halafu inaanza tena. Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia kompyuta za Windows 10 au 11 ofisini, shuleni, dukani au nyumbani, na msimamo wake ni mmoja: hitilafu ya kuja na kuondoka haitafutwi kwa kubahatisha ikiwa imeshapoa, bali kwa kuacha kitu kinarekodi mpaka itokee, kisha kuisoma rekodi ya dakika zilezile.

Hatua ya kwanza: ieleze hitilafu kabla ya kugusa chochote

Swali la mwanzo kabisa ni kama inakwama kompyuta moja au zote kwa pamoja. Ikiwa watu watatu waliokaa vyumba tofauti wanalalamika katika dakika ileile, usifungue mashine ya yeyote kati yao. Tafuta kile wanachotumia pamoja, yaani seva, ruta, au laini ya intaneti. Ikiwa ni moja tu, na jirani yake inayofanya kazi ileile haina tatizo, umeshapunguza nusu ya safari.

Kisha tazama kinachoganda ni nini hasa. Mshale wa kipanya ukiendelea kutembea vizuri huku madirisha yote hayaitikii, mara nyingi programu zinasubiri kitu, na kinachosubiriwa kwa kawaida ni diski. Mshale wenyewe ukirukaruka na sauti ikakatakata, shuku draiva (programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa) au prosesa iliyopunguzwa kasi. Dirisha moja pekee likiganda na mengine yakafanya kazi, kosa liko ndani ya programu hiyo au katika kitu inachokitegemea, kama vile faili iliyoko kwenye seva. Kurasa za wavuti zikichelewa huku faili za ndani zinafunguka upesi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mtandao hapa chini.

Andika daftari. Kila inapotokea, mtumiaji aandike saa na dakika, imedumu kwa muda gani, alikuwa anafanya nini, na kama laptopu ilikuwa kwenye umeme au kwenye betri. Jambo hili la mwisho lina uzito kwetu, kwa sababu laptopu nyingi hupunguza kasi ya prosesa zinapotumia betri, na ofisi ambayo umeme hukatika mara kwa mara inaweza kudhani kompyuta ina kichaa kumbe inafuata tu mpangilio wake wa kuhifadhi nishati.

Kuwe na makubaliano ya saa tangu mwanzo. Mtumiaji akiandika kwamba iliganda saa 4 na robo asubuhi, rekodi ya kompyuta itasema 10:15, na fundi asiyekumbuka hilo atapoteza muda akichunguza alfajiri. Andikeni kama saa ya kwenye kona ya skrini inavyosomeka. Vilevile, ukifungua tukio katika Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio, kwa mtazamo wa XML, muda ulioandikwa hapo huishia na herufi Z na ni wa UTC, yaani saa za kimataifa, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3.

Hatua ya pili: nakala rudufu, kisha Restart ya kweli

Toa nakala ya faili muhimu sasa hivi, uziweke kwenye diski nyingine. Sisemi hivi kwa desturi tu. Kuganda kwa vipindi ni mojawapo ya dalili za mapema za diski inayokufa, na baadhi ya vipimo vinavyofuata huifanyisha diski kazi ngumu kuliko iliyozoea. Asiye na nakala asiendelee.

Baada ya hapo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, na usome Up time. Wengi hushangaa kuona siku 20 au 30 wakati wao huzima kompyuta kila jioni. Sababu ni kwamba Windows yenye Fast Startup, ukichagua Shut down, huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski na kuirudisha asubuhi, kwa hiyo draiva zilizovurugika hurudi nazo zikiwa vilevile. Ni Restart ndiyo inayoanza upya kikamilifu. Ikiwa hitilafu inapotea baada ya Restart na kurudi taratibu baada ya siku kadhaa, umepata kidokezo kikubwa: kuna kitu kinachojilimbikiza, na mshukiwa wa kwanza ni programu inayochukua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, bila kuirudisha.

Hatua ya tatu: weka rekodi inayojiendesha

Windows ina amri iitwayo typeperf, isiyohitaji kupakua chochote, inayoandika vipimo kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kila baada ya sekunde unazotaka. Tengeneza folda C:\rekodi, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, kisha andika amri hii yote katika mstari mmoja:

typeperf "\Processor(_Total)\% Processor Time" "\Processor Information(_Total)\% Processor Performance" "\Memory\Available MBytes" "\Memory\Pages Input/sec" "\PhysicalDisk(_Total)\Avg. Disk sec/Transfer" "\PhysicalDisk(_Total)\Current Disk Queue Length" -si 5 -o C:\rekodi\vipimo.csv

Majina haya ni ya Windows ya Kiingereza. Ukiiweka amri ndani ya faili la .bat, kila alama ya asilimia iandikwe mara mbili. Vipimo huchukuliwa kila sekunde 5, yaani mistari 720 kwa saa na 17,280 kwa siku nzima, kiasi ambacho Excel hukifungua bila shida na ambacho hakiilemei kompyuta. Dirisha lipunguzwe tu, lisifungwe. Ctrl na C husimamisha kurekodi.

Rekodi hii inaonyesha ni sehemu gani ya kompyuta iliyolemewa, lakini haitaji programu iliyosababisha. Kwa hilo, pakua Process Explorer kutoka Sysinternals, mkusanyiko wa zana ulioanzishwa mwaka 1996 na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ambao Microsoft iliununua mwaka 2006 na unapatikana bure kwenye tovuti yake. Iache wazi siku nzima. Hitilafu ikishapita, fungua System Information, weka kipanya juu ya mwinuko wa grafu, na itakuonyesha muda wake na programu iliyotumia prosesa zaidi wakati huo. Mtumiaji asiye mtaalamu anaweza kufundishwa jambo hili kwa dakika chache, na ushahidi wake utakuwa na thamani kuliko maelezo marefu.

Rekodi pia hali ya utulivu. Siku moja ya kazi isiyo na hitilafu ikiwekwa kando ya siku yenye hitilafu ndiyo inayokuambia kipi kimebadilika, kwani prosesa kufikia asilimia 90 si kosa iwapo hufikia hapo kila siku bila mtu kulalamika.

Hatua ya nne: soma dakika zile

Fungua faili, tafuta muda ulioandikwa kwenye daftari, na kabla ya kusoma namba yoyote tazama safu ya muda. Mistari inapaswa kupishana kwa sekunde 5. Ukikuta imeruka kutoka 10:14:05 hadi 10:14:50, pengo hilo lenyewe ni ushahidi: mfumo mzima ulisimama kiasi kwamba hata typeperf haikupata nafasi ya kuandika, jambo ambalo programu moja ya kawaida iliyoganda haiwezi kusababisha kwa urahisi. Hapo shuku diski, draiva au kifaa.

Anza na diski, kwa sababu ndiko makosa mengi yanakojificha. Safu ya Avg. Disk sec/Transfer huonyesha ombi moja la kusoma au kuandika lilichukua sekunde ngapi. Kwa diski ya kizamani yenye sahani zinazozunguka, 0.010 hadi 0.020, yaani milisekunde 10 hadi 20, ni hali ya kawaida. Kwa SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani, ikiwa haina kasoro, aghalabu ni chini ya 0.005. Ikipanda hadi 0.100 ikabaki hapo, mtumiaji ataona uzito. Ikifika 1 au zaidi, huenda diski inarudia kusoma mahali palipoharibika, au njia kati yake na ubao mama ina kasoro.

Tofautisha hali mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza ni diski yenye afya iliyopewa kazi nyingi: foleni ndefu, muda wa kusubiri umepanda, na kuna programu inayosoma au kuandika kwa wingi, mathalani Windows Defender, ambayo katika orodha ya programu huitwa MsMpEng.exe, au TiWorker.exe inapoweka masasisho, au SearchIndexer.exe. Ya pili ni diski inayougua: muda wa kusubiri umepanda sana ilhali kinachosomwa ni kidogo mno. Hali ya kwanza hutibika kwa kupanga muda wa kazi hizo au kwa kubadilisha diski ya sahani kuweka SSD. Ya pili haina tiba ila kuhamisha data na kuitoa diski.

Ili kuthibitisha hali ya pili, soma taarifa za SMART, ambazo diski hujirekodia kuhusu afya yake, kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Kwa diski za SATA, aina ya muunganisho wa diski, angalia mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu zilizokwisha kuhamishwa, zinazosubiri kuamuliwa na zisizosomeka kabisa. Tazama thamani ghafi na irekodi kwa tarehe. Namba inayoongezeka wiki hadi wiki ni hatari hata kama programu bado inaandika kwamba afya ni nzuri. Mstari wa C7 una maana nyingine: unahesabu makosa ya mawasiliano, na ukiongezeka peke yake chanzo kwa kawaida ni waya wa SATA uliolegea au uliochakaa. Nimeona diski zisizo na kasoro zikitupwa kwa kosa la waya wa bei ndogo, na ndiyo maana ninausisitiza mstari huu.

SSD nazo zina vipindi vyao. Nyingi za bei nafuu huandika kwanza katika sehemu ndogo yenye kasi, na sehemu hiyo ikijaa kasi huporomoka mpaka itakapopata nafasi ya kujisafisha. Ndiyo sababu kunakili faili la GB 30 huanza kwa kishindo kisha hutambaa. Hali hii huzidi diski inapokaribia kujaa, kwa hiyo acha walau asilimia 15 hadi 20 ikiwa tupu.

Upande wa RAM, tazama Available MBytes pamoja na Pages Input/sec. Ya kwanza ikishuka hadi MB mia moja au mia mbili huku ya pili ikipanda, Windows inahamisha yaliyomo kwenye RAM kwenda na kurudi diskini. Chora grafu ya Available MBytes ya siku nzima. Ikishuka ghafla kila mtu anapofungua programu fulani, RAM ni ndogo kwa kazi hiyo; ikiteremka polepole kwa saa nyingi bila mtu kufungua kitu kipya, kisha ikarudi juu programu moja inapofungwa, hiyo ndiyo inayovuja, na kuongeza RAM kutaahirisha tatizo badala ya kuliondoa.

Prosesa isomwe kwa safu mbili kwa pamoja. Processor Time ikiwa juu na Processor Performance ikiwa karibu na 100 au zaidi, prosesa inafanya kazi nyingi kwa kasi yake yote, na Process Explorer itakuambia ni ya nani. Lakini Processor Time ikiwa juu huku Performance imeanguka hadi 30 au 40, prosesa imezuiwa. Sababu ya kawaida ni joto, hasa katika miji ya pwani ambako chumba kisicho na kiyoyozi hupata joto kali mchana na vumbi hujaa kwenye feni. Hitilafu itaonekana saa za mchana na kutoweka jioni. Sababu nyingine inayosahaulika ni chaja: baadhi ya laptopu zisipoitambua chaja, au zikipewa yenye wati pungufu, hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi. Jaribu chaja halisi ya modeli hiyo kabla ya kufungua mashine.

Namba zote zikiwa tulivu na kompyuta iliganda kweli, programu ilikuwa inasubiri kitu kilicho nje ya kompyuta, au draiva ilishika prosesa kwa vipande vifupi. Kwa draiva, programu ya LatencyMon hutaja ile inayochelewesha. Mara nyingi hukuta ni ya Wi-Fi au ya sauti, na toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta humaliza jambo.

Hatua ya tano: linganisha na kumbukumbu za Windows

Fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha System, na usome dakika tano kabla na tano baada ya kila tukio lililo kwenye daftari. Kuna namba chache zinazostahili kukaririwa. Tukio namba 7 kutoka chanzo cha disk lina maana ya sehemu mbovu. 153 lina maana ombi la diski lilirudiwa. 129 lina maana kifaa cha kuhifadhia kiliwekwa upya baada ya kukaa kimya. Namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power husema kasi ya prosesa imezuiwa na mfumo wa ndani wa mashine, na inaoana na yale ya joto na chaja. Namba 2004 kutoka Resource-Exhaustion-Detector hutaja kwa majina programu tatu zilizokula kumbukumbu pepe (RAM pamoja na nafasi ya diski inayoisaidia) zaidi, na ni zawadi kwa anayetafuta programu inayovuja.

Usitishwe na wingi wa maandishi mekundu. Kompyuta nzima kabisa huwa na makosa mengi kwenye Event Viewer, na watapeli wa simu hutumia hofu hiyo kuwauzia watu huduma. Tukio lina uzito pale tu dakika yake inapolingana na daftari lako, tena zaidi ya mara moja.

Angalia pia kazi zilizopangwa. Matengenezo ya kujiendesha ya Windows, kwa mpangilio wa awali, hupangwa saa 8 usiku. Kompyuta ya ofisi huwa imezimwa wakati huo, kwa hiyo kazi hizo husubiri mashine ikae bila kuguswa, na mara nyingi hupata nafasi wakati wa chakula cha mchana. Anayerudi kazini akaikuta nzito aiache iwashwe usiku mmoja kwa wiki, na asizime masasisho. Kuzima masasisho huondoa dakika chache za uzito na kuacha mlango wazi kwa virusi.

Hatua ya sita: tenganisha mtandao na kompyuta

Andika ipconfig katika Command Prompt upate anwani ya ruta, inayoitwa Default Gateway. Fungua madirisha mawili: moja liendeshe ping -t, amri inayotuma ujumbe mdogo mfululizo na kupima muda wa jibu, kwa anwani hiyo, lingine ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Hitilafu inapotokea, soma yote mawili. Majibu ya ruta yakiruka kutoka milisekunde 2 hadi 400, au yakapotea, tatizo liko ndani ya jengo, na kwa kawaida ni Wi-Fi. Jaribu waya, au badilisha chaneli ya GHz 2.4 iwe 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Ruta ikijibu vizuri na 8.8.8.8 ikachelewa, laini imejaa au mtoa huduma ana shida. Kujaa huko husababishwa mara nyingi na mtu mmoja anayepakia picha au video kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwani upande wa kupakia ndio mwembamba.

Wakati mwingine kosa liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani walipata intaneti ya kusuasua, na hakuna urekebishaji wa kompyuta ungeweza kuwasaidia.

Hatua ya saba: gawanya kwa nusu, ikiwa ushahidi hautoshi

Fungua msconfig, zana ya Windows ya kuchagua kinachowaka pamoja na kompyuta, nenda Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services, kisha zima nusu ya zilizobaki na ufanye Restart. Hitilafu ikitokea tena, mshukiwa yuko katika nusu inayoendelea kufanya kazi, gawanya tena. Huduma 16 zenye mkosaji mmoja humalizwa kwa raundi 4. Njia hii ni ya uhakika lakini ni ya polepole kwa hitilafu za vipindi, ndiyo maana imekuja mwisho. Usibadilishe kitu kingine chochote katikati ya raundi, wala usiweke programu zinazodai kuongeza kasi au kusafisha rejista. Zinagusa mambo mengi kwa mkupuo na kuharibu uchunguzi wote.

Ikiwa mkosaji ni programu moja ya kazi, chukua picha ya ndani yake kwa ProcDump, nayo ya Sysinternals. Ukiiendesha kwa procdump -h ikifuatiwa na jina la programu, itasubiri, na dirisha la programu lisipoitikia kwa sekunde 5 itahifadhi faili la kumtumia mtengenezaji, ambaye anaweza kuona msimbo ulikuwa umesimama wapi.

Hatua ya nane: thibitisha kwa subira

Hitilafu iliyokuwa ikitokea kwa wastani mara moja kwa siku, bila mpangilio, inaweza kukosekana siku nzima kwa bahati tu, na uwezekano huo ni kama 37 kwa 100. Siku tatu za utulivu huushusha hadi takriban 5 kwa 100. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kusubiri walau mara tatu ya muda uliokuwa ukipita kati ya tukio moja na jingine. Iliyokuwa ikitokea mara moja kwa wiki isitangazwe kupona kabla ya wiki tatu. Badala ya kusubiri tu, ichokoze pia: kama chanzo kilikuwa joto, ipe prosesa kazi nzito kwa dakika 20 mchana, kama kilikuwa diski, nakili faili kubwa huku typeperf ikirekodi, na ulinganishe na rekodi ya mwanzo.

Muda huo ukipita salama, simamisha typeperf, rudisha msconfig katika hali ya kawaida, na hifadhi rekodi ya siku tulivu ikiwa na tarehe pamoja na modeli ya kompyuta, kwani ndiyo utakayolinganisha nayo siku nyingine. Mafaili ya ProcDump yafutwe mtengenezaji akishayapokea, kwa sababu yanaweza kubeba sehemu ya yaliyokuwemo ndani ya programu wakati huo, pengine hata vipande vya nyaraka au manenosiri ya mtumiaji.